Adhabu ya chombo kilichojaza kupita kiasi imfikie mwenye chombo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu adhabu za vyombo vinavyokiuka taratibu za usafiri wa baharini, hasa katika vivuko vidogo vya Pemba.

Sheria tunazo. Sheria ya Usafiri Baharini ni ya mwaka 2006, na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar iliundwa kwa sheria ya mwaka 2009. Hata hivyo, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikija Pemba, hali imejaza abiria na mizigo kupita kiwango chake, na Julai 2012 ikafuata kuzama MV Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe. Tangu misiba ile ukaguzi katika bandari kubwa umekazwa, na wanaoisimamia kazi hiyo wanastahiki shukurani.

Lakini wakaazi wa visiwa vidogo vya Pemba kama Makoongwe, Kisiwa Panza, Kojani na Fundo hawapandi meli. Wanavuka kwa mashua na boti za mashine, tena kila siku, kwenda skuli, hospitali na sokoni. Januari 2022 mashua iliyochukua watu wa msibani ilizama karibu na Kisiwa Panza, na roho za watu zikapotea. Katika diko, yaani pahala pa pwani pa kupandia vyombo, ninalotumia mimi, watu huingia majini na viatu mkononi, hupanda mmoja mmoja juu ya magunia ya mchele na madumu ya mafuta, na nahodha haachi kuita abiria mpaka maji yamekaribia ukingo wa chombo. Majaketi ya kuokolea yapo, ila yamefungwa kwa kamba chini ya gubeti, mbele ya chombo, na juu yake umewekwa mzigo. Hakuna anayehesabu watu.

Anapokamatwa mtu, ninavyoona, huwa ni nahodha, ambaye mara nyingi ni mwajiriwa tu na akikataa kujaza atatafutwa mwengine wa kushika usukani. Faini hulipwa, na kesho yake chombo kile kile kiko majini. Iwapo nauli za abiria wa ziada zinatosha kuilipa faini hiyo, mwenye chombo ataihesabu kuwa ni gharama ya biashara kama mafuta ya mashine, na hatakuwa na sababu ya kubadilika.

Kwa hivyo naiomba Serikali iweke adhabu inayomgusa mwenye chombo mwenyewe: chombo kizuiwe pwani kwa muda, na leseni ifutwe kwa anayerudia kosa. Idadi ya abiria wanaoruhusiwa iandikwe ubavuni kwa rangi na kwa herufi kubwa, ili hata mtoto wa skuli aisome kabla ya kupanda. Na kila diko liwe na mtu, akishirikiana na sheha, kiongozi wa Serikali katika mtaa, mwenye uwezo wa kisheria wa kukizuia chombo kisiondoke kikiwa kimejaa au upepo wa kusi ukiwa mkali.

Najua visiwa vyengine vina vyombo vichache, na kikizuiwa kimoja watakaotaabika mwanzo ni wagonjwa na wanafunzi. Jambo hilo lisiwe kisingizio cha kusamehe. Serikali iandae mapema boti ya akiba ya kuwavusha kwa muda wote ambao chombo kilichokosa kimezuiwa.

Msomaji wako,
Mkoani, Pemba