Mjomba, si kila kelele ni uchafu

Mjomba wangu, shikamoo.

Nakujibu hapa hadharani kwa sababu vijana unaowafundisha ufundi redio pale Ngamiani nao husoma ukurasa huu. Umewaambia kelele za rezista (kile kipande cha kupunguza mkondo), yaani volti kuchezacheza ovyo, ni hasara tupu, na kazi ya fundi ni kuziua. Kwa redio, sina ubishi. Ila ipo metali ambayo kelele zake ndizo habari yenyewe.

Chukua shaba, tia manganizi asilimia chache. Kila atomu ya manganizi ni sumaku ndogo mno, kwa sababu ya spini yake, ile sifa ya elektroni inayoifanya iwe kama sumaku yenye upande wake. Zimetawanyika ovyo ndani ya shaba, na kwa jinsi zinavyopishana umbali, jozi moja hutaka kuelekea upande mmoja, nyingine hutaka kupingana. Ni kama majirani watatu: wa kwanza anapatana na wa pili, wa pili na wa tatu, lakini wa tatu na wa kwanza hawaivi chungu kimoja. Huwaridhishi wote, upange utakavyo. Ukiipoza sana metali hiyo, spini huganda, kila moja na upande wake. Hiyo ndiyo glasi ya spini.

Huganda, lakini hazitulii. Vikundi vya spini huendelea kugeuka, vingine kufumba na kufumbua, vingine baada ya saa nyingi. Ukipima usumaku wa kipande kizima unapata wastani, na wastani huficha mengi.

Sasa pitisha umeme. Katika baridi kali elektroni husafiri kama mawimbi: hutawanywa na atomu, hukutana tena, mengine yakaongezana, mengine yakafutana. Kikundi kimoja tu cha spini kikigeuka, makutano hayo hubadilika, na ukinzani, yaani jinsi metali inavyouzuia umeme, hubadilika kidogo mno. Mkondo umetulia, volti inachezacheza! Hizo ndizo kelele ninazozisema. Usizichanganye na zile alizopima mwanafizikia Johnson mwaka 1928. Zile hutokana na joto, zimo katika kila rezista hata pasipo mkondo. Hizi huzidi nguvu kadiri masafa, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde, yanavyoshuka.

Mwaka 1989 wanafizikia Israeloff, Weissman na wenzao huko Marekani walizipima katika shaba yenye manganizi. Lakini kilichonikosesha usingizi ni vipande vidogo zaidi, visivyofika mikroni moja, sehemu ya elfu ya milimita. Humo, mara nyingine unaona ukinzani ukiruka baina ya hali mbili tu, juu, chini, juu. Hicho ni kikundi kimoja, Mjomba, kinageuka huku unakitazama! Badili joto au uga wa sumaku, na mwendo wa mruko nao unabadilika. Kwa hiyo unapata kujua tabia ya kikundi chenyewe.

Wapo wanaoshikilia kwamba glasi hii, ikishaganda, ina mipangilio miwili tu ya spini, mmoja kinyume cha mwingine. Wanaofuata hesabu za Giorgio Parisi, Mwitaliano aliyepata Nobel mwaka 2021, husema mipangilio ni mingi mno, imegawanyika kwa matawi kama mti. Weissman, kwa kelele hizi, aliegemea upande wa matawi. Ubishi bado upo, na ndiyo maana ningependa vijana wako wausikie.

Msalimie Shangazi.

Mpwa wako