Shukrani kwa mama uliyenunua sombe yangu (majani ya muhogo) sokoni Beni

Mama, jina lako sikulijua, lakini nakushukuru mbele ya watu wote.

Mwaka 2019, nilipougua Ebola hapa Beni, mashariki mwa Kongo, madaktari na wauguzi walinitia dawa ya kingamwili mshipani na kunihudumia mpaka vipimo vya damu vikaonyesha kwamba virusi vimeisha. Mungu awalipe. Nikarudi nyumbani na cheti cha kupona. Sokoni, hata hivyo, watu waliipita mbali meza yangu, hata niliokuwa nikiwakopesha zamani. Hilo liliniuma kuliko homa.

Wewe ulikuja mchana kweupe, ukanishika mkono kwanza. Ukachagua sombe bila haraka, ukaniuliza kama macho yananisumbua (yalikuwa yanauma kweli, na viungo pia), ukalipa, ukapokea chenji kutoka kiganjani mwangu. Kisha ukawaambia waliokuwa wakitazama kwamba aliyepona haambukizi mtu kwa kusalimiana. Wawili kati yao walinunua palepale.

Meza ile ndiyo inayolipa shule ya watoto wangu sasa. Asante sana, mama. Mungu akubariki wewe na nyumba yako yote.