Yah: Mbao za trela langu la boti, na maneno niliyoambiwa karakanani kwenu

Kwako Meneja,

Salaam. Naandika kwa heshima na naomba hii barua uisome mwenyewe, usimwachie yule msimamizi wenu wa karakana akueleze yeye, maana akieleza yeye mi ndo nitaonekana mkorofi.

Masharti yenu mnayajua, mmeyabandika wenyewe pale kaunta, kazi ya fundi ina dhamana ya miezi 6. Yangu haijafika hata wiki ya saba.

Nililipa 680,000 mbao nne za kulalia boti zibadilishwe zote, mbili za kati na mbili za pembeni, pamoja na zulia jipya na bolti. Tulikubaliana mbao ngumu ya mkongo ya 2 kwa 6, mkongo ukikosekana basi paini iliyotiwa dawa, na bolti za stenlesi zenye vichwa vilivyozamishwa ndani ya mbao. Karatasi ninayo na sahihi ya ofisi yenu ipo. Sasa niambieni, ile mbao niliyokuja nayo mkononi Jumatatu, imekatika katikati, nyeupe pe kama muhogo uliomenywa, ndo mkongo huo? Hata dawa haina, paini ya dawa ina ukijani na kila aliyejenga hapa Dar anaijua kwa sababu ndo tunayoezekea nyumba.

Na hiyo Jumatatu ndo imenifanya niandike. Nimeingia na mbao yangu, nimesalimia vizuri, mtoto wa marehemu kaka yangu yuko nyuma kabeba kipande cha pili. Msimamizi wenu hajainuka kwenye kiti. Kaniangalia, kaiangalia mbao, kaisukuma kwa mguu, kisha kasema kwa sauti mafundi wote wakasikia: "Mzee, kama hela ya kutunza boti huna si uiuze ununue ngalawa." Wakacheka. Mi na miaka 58, nimeanza kwenda baharini kabla huyo kijana hajazaliwa, naambiwa hivyo mbele ya mtoto ninayemlea.

Mbao yenyewe ilikatika Jumapili. Ilikuwa bamvua, maji yamejaa sana, tumeshapeleka watu kisiwa cha Mbudya na kuwarudisha safari tatu, nikasema tuitoe boti mapema kwa sababu bamvua yakishaanza kupwa pale Kunduchi hayakusubiri. Boti imepanda kwenye trela vizuri, winchi imevuta, gari ndo linaanza kupanda nikasikia mlio, mbao ya kushoto imekatika palepale kwenye tundu la bolti na boti ikalala ubavu juu ya chuma. Kijana wangu alikuwa kashikilia pembeni, kautoa mkono muda uleule. Alhamdulillah vidole vyake vyote vipo. Ila nataka mjue kwamba mkono ulikuwa hapo, Meneja, palepale boti ilipoangukia.

Usiku ule tukafungua zulia kwa tochi na kila tulichokiona kilikuwa kibaya kuliko kilichotangulia. Zulia mmelipiga pini za chuma cha kawaida, tena kwa juu mahali boti inapolalia badala ya chini ya mbao, zimeshaota kutu zote. Bolti si stenlesi ni zile nyeusi za dukani, na maji chumvi yameshazila. Vichwa havikuzamishwa, vimesimama juu ya mbao, kwa hiyo zulia lilipochakaa tu vikaanza kula faiba kila boti inapopanda na kushuka, nina mifereji miwili chini ya boti yenye urefu wa kiganja, gelikoti, ile ngozi ya juu ya faiba, imeisha unaona nyuzi za faiba kwa macho. Mnajua maji yakipenya humo yanafanya nini, boti ndo kazi yenu.

Halafu mbao zenyewe ni fupi! Hili nililiona mwisho na ndo limeniuma zaidi kama mtu anayeipenda boti yake. Zilizokuja na trela zilikuwa futi 10, zimekaa miaka 9 na zimekufa kwa uzee, zenu ni futi 8. Hazifiki tezi, kule nyuma ya boti. Uzito wa boti uko wapi kama si tezi, injini ya hosipawa 60 inaning'inia pale, kilo mia na kitu, na tangi la mafuta hapohapo, mbao inatakiwa ifike mpaka mwisho kabisa wa tezi la sivyo tumbo la boti linapinda kidogo kidogo na boti iliyopinda tumbo haikimbii tena. Kuna mtu kaona ana vipande vya futi 8 akasema vitatosha. Na zile za zamani nilipoziomba siku ya kuchukua trela nikaambiwa zimeshatupwa, sasa naelewa kwanini, ningezilinganisha.

Nilichokuja kuomba Jumatatu kilikuwa kidogo sana. Mbao nne mpya za aina tuliyokubaliana, futi 10, bolti za stenlesi, basi, hata hela ya faiba nilikuwa sijaitaja. Ningepewa kiti na maji ya kunywa tungemaliza kwa dakika kumi.

Lakini hajainuka kwenye kiti. Naomba nilirudie hili Meneja kwa sababu nikilala nalikumbuka. Nimemwonyesha karatasi, nimemwonyesha mbao, nikaiweka chini taratibu mbele ya meza yake. Akaendelea na simu yake. Nikasubiri. Alipomaliza hakuniuliza shida nini, akaipiga teke ile mbao ikasogea mpaka kwenye miguu yangu, na hapo ndo akasema hayo ya ngalawa, na fundi mmoja aliyekuwa chini ya trela lingine akatoa kichwa kuniangalia akicheka. Ngalawa! Baba yangu alitulisha watoto saba kwa ngalawa, sioni aibu nayo hata kidogo, ila yeye alilitoa kama tusi. Kijana wangu akataka kumjibu nikamshika mkono, ule ule ulioponea Jumapili. Tukaokota mbao yetu tukatoka, hakuna hata mmoja aliyesema pole.

Kwa hiyo sasa mbao peke yake haitoshi tena. Nataka 680,000 yangu irudi yote, kazi nitampa fundi mwingine. Nataka mlipie ukarabati wa faiba kwa fundi nitakayemchagua mwenyewe. Leo ni siku ya tano boti iko juu, haifanyi kazi, na watu wa Mbudya wanapanda boti za wengine, siku hizo mtanilipa, zote, mpaka itakaporudi majini. Na msimamizi wenu aniombe radhi palepale karakanani mbele ya mafundi walewale, si kwa meseji.

Nawapa siku 7 kuanzia mtakapopokea barua hii. Zikipita naenda Tume ya Ushindani kwa sababu wao ndo wanamlinda mlaji, na mahakama nitakwenda pia, muda wa kukaa nao ninao maana boti mmeshaniwekea nchi kavu. Na kingine, niliwalipa 680,000 mkanipa risiti ya kuandika kwa mkono, ya EFD, ile mashine ya kodi, hamkunipa, niliiomba mara mbili nikaambiwa mashine mbovu. TRA, watu wa kodi, nao nitawapelekea nakala. Sikutaka kufika huku, Meneja.

Mbao zote nne nimezitunza nyumbani, pini na bolti ziko kwenye kopo la rangi, na picha za faiba zipo kwenye simu yangu na ya kijana. Mkitaka kuja kuziona njooni mchana, ila huyo msimamizi asije kwangu kabla hajaomba radhi.

Mteja wenu,
Mwenye boti nyeupe ya faiba futi 19, Kunduchi