Waya za taa zipimwe kabla dari haijafungwa

Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie wanaojenga Kange, Pongwe, Duga na kwingineko hapa Tanga. Msikubali dari ifungwe kabla waya za taa hazijapimwa. Gypsum bodi ikishapigwa, kosa la nusu saa linakuwa kazi ya kubomoa.

Kosa linalonisumbua zaidi ni swichi kukata nyutro (waya inayorudisha umeme) badala ya moto (waya inayouleta). Taa inawaka na kuzimika vizuri, kwa hiyo mwenye nyumba haoni tatizo. Lakini swichi ikizimwa, moto bado umesimama kwenye holda, na atakayepanda ngazi ya chuma kubadilisha balbu ndiye atakayeupata. Mara nyingi balbu ya LED hubaki na mwanga hafifu usiku wakati swichi imezimwa (swichi zenye kitaa kidogo ndani nazo huleta hali hiyo, kwa hiyo msimlaumu fundi kabla ya kupima). Fundi azime swichi, atoe balbu, aguse shaba za holda kwa testa mbele yako. Testa ikiwaka na swichi haina kitaa, swichi imefungwa kwenye waya isiyostahili.

Mpangilio sahihi ni huu: moto unatoka kwenye sakiti breka, unaingia swichi ya chumba cha kwanza, unaruka kwenda ya pili, ya tatu, hadi ya mwisho. Nyutro haiguswi na swichi kabisa. Yenyewe inaruka taa hadi taa. Kila swichi inapandisha waya moja kwenda taa yake. Ethi, waya ya usalama inayoenda ardhini, ifike kila taa, hata penye holda ya plastiki, maana kesho mtu ataning'iniza taa ya chuma.

Waya ni milimita za mraba 1.5, breka ni ampia 6. Balbu kumi za wati 9 ni wati 90, hazifiki hata nusu ampia kwenye volti 230, kwa hiyo breka ndogo inatosha na kuzidi. Ikiruka, yaani ikijizima yenyewe, tafuteni kosa linaloirusha. Anayeitoa na kuweka ya 32 ameacha waya ichemke ndani ya paipu bila kitu cha kuizima. Nyumba ya vyumba vitatu igawiwe sakiti mbili za taa, hitilafu ya upande mmoja isitie nyumba nzima giza.

Hapo kwenye sakiti mbili ndipo linapozaliwa kosa la korido. Taa ya korido ina swichi mbili, moja kila mwisho, na fundi mwenye haraka huchukua moto kwenye sakiti ya sebule na nyutro kwenye sakiti ya vyumba, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Kila sakiti ikiwa na kinga yake ya umeme unaovuja (RCD) ya miliampia 30, inaruka mara taa inapowashwa, kwa sababu umeme uliotokea upande mmoja umerudia upande mwingine. Zikiwa chini ya kinga moja, hairuki, na hapo ndipo penye hatari: mtu anazima breka ya vyumba, anafungua kiungio cha nyutro akiamini kimekufa, kumbe taa ya korido inakipa moto kutoka sebuleni. Nyutro ya sakiti irudi na moto wake.

Waya zivutwe baada ya lipu kukauka, na viungio vikae ndani ya boksi linalofunguka, si tepu juu ya mbao za kenchi. Hewa yetu ya chumvi haina huruma: shaba iliyosokotwa kwa tepu inaota ukijani, kiungio kinapata joto, taa inaanza kucheza. Taa za nje, hasa upande wa Raskazone, ziwe za kuzuia maji, waya iingilie chini na skrubu ziwe za shaba.

Mwisho ni megga, kifaa kinachopima kama umeme unavuja kupitia ngozi ya waya. Mein swichi izimwe, balbu zote zitolewe, swichi zote ziwekwe kwenye kuwasha, kisha fundi apime kwa volti 500 kati ya moto na nyutro, halafu zote mbili kwa ethi. Chini ya megaohmu 1 sakiti haifai kuwashwa. Mafundi wenye leseni ya EWURA wanakijua kipimo hiki. Namba ziandikwe kwenye karatasi, sakiti kwa sakiti, ndipo fundi wa dari aitwe.

Fundi umeme,
Makorora, Tanga