'Charge' si chaji tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na wanaotafsiri vibao, vipeperushi na mikataba ya utalii hapa Arusha. Neno la Kiingereza 'charge' linawaponyoka kwa sababu Kiswahili kimeshaazima kipande chake kimoja, chaji ya betri, na mtu hudhani kalimaliza. Ndipo 'No charge' inakuwa "Hakuna chaji", na msomaji anarudisha simu mfukoni, kumbe kaambiwa huduma ni bure.

Asili yake inasaidia. Liliingia katika Kiingereza karne ya 13 kutoka Kifaransa cha kale, nacho kililitoa kwenye Kilatini carricare, kupakia mkokoteni. (Gari letu halimo humo, hilo tulilipata Uhindini.) Ukishika maana ya kutwika mzigo, nyingi zinajipanga zenyewe: betri hutwikwa umeme, mteja malipo, mtuhumiwa kosa, mkuu dhamana.

Tazama neno linalofuata. Ikija fedha au 'for', andika toza. Likija 'with' na jina la kosa, ni kushtaki. Lakini 'with' ikifuatwa na kazi ni kukabidhiwa jukumu, na hapa watu wasio na hatia hupelekwa mahakamani: 'charged with guarding the camp' ni mlinzi wa kambi, si mshtakiwa. 'In charge of' ni msimamizi, au mfawidhi kama tusemavyo hakimu mfawidhi na mganga mfawidhi. Ongeza 'the' katikati, 'in the charge of', na mambo yanapinduka: anayetajwa kwanza ndiye anayesimamiwa.

Gumu zaidi ni la mbugani. 'The elephant charged' huandikwa "tembo alishambulia", msomaji akaanza kuhesabu majeruhi. Kiingereza hakijasema tembo alimfikia mtu. Aghalabu anayetisha tu hutandaza masikio, huinua kichwa na kupiga mlio, kisha husimama ghafla. Aliyedhamiria hulaza masikio nyuma na kukunja mkonga. Andika "tembo aliwajia mbio", halafu sentensi ya pili iseme kilichotokea. 'Mock charge' ni kutishia kuvamia, basi.

Kwenye mikataba, ada, tozo na faini visichanganywe. 'Service charge' ni ada ya huduma. 'Cancellation charge' ni ada ya kughairi safari. Ukiiita faini, mteja atauliza amevunja sheria gani.

Mfasiri,
Arusha