Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mokowe

Ndugu wanachama, Assalaam aleikum.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Maembe ya huku kwetu Hindi na Mpeketoni yalikwenda sokoni Mombasa, samaki na kaa wa visiwani walikwenda, mizani ilitengenezwa mara mbili, turubai la gati limebadilishwa. Wenzetu wawili walifiwa, rambirambi ziliwafikia. Tuliingiza shilingi 214,600, tukatumia 197,350. Anayetaka mchanganuo amwone mhazini.

Nije kwenye lililosemwa sana. Ni kweli mwezi wa Aprili nilitoa shilingi 48,000 katika mfuko wa maafa bila kuitisha mkutano, na katiba yetu inaniruhusu 20,000. Hilo silikatai. Ninalolikataa ni maneno yanayozungushwa hapo gatini kwamba mwenyekiti amekula pesa za maziko. Pesa zile nilimlipa wakili kwa ajili ya ushuru tunaotozwa njiani, na risiti yake iko kwa katibu tangu siku ile. Aliyekwenda kuitazama ni mtu mmoja.

Gari likitoka hapa kwenda Mombasa linapita kaunti nne: Lamu, Tana River, Kilifi, kisha Mombasa yenyewe. Kwetu tumelipa sesi, yaani ushuru wa kaunti kwa mzigo, risiti tunayo, lakini mbele tunasimamishwa tulipe tena kwa mzigo ule ule. Na sesi yenyewe siyo inayotuua. Kinachotuua ni barafu kuyeyuka. Gari likizuiwa kwa muda wa saa tatu watu wakibishana, samaki aliyepakiwa alfajiri anafika macho yamezama, na mnunuzi hana habari za kizuizi, yeye anateremsha bei tu.

Wengi wenu mlitaka tugome, tupite bila kulipa. Nilikataa, na leo ningekataa tena. Gari ni la kukodi, na ambaye angelala rumande ni dereva, si nyinyi. Nikaona afadhali wakili atuandikie ombi kwa bunge la kaunti, haki ambayo Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu. Hoja yenyewe imo katika Katiba ya 2010, kifungu cha 209(5): kaunti isitoze kodi kwa namna inayodhuru biashara inayovuka mipaka ya kaunti, wala usafirishaji wa bidhaa nchini. Wapo walionijibu kuwa kaunti nayo ina haki. Inayo. Kifungu hicho hicho, sehemu ya nne, kinairuhusu kutoza huduma inayotoa, na soko likiwa na maji na choo nitalipa bila kunung'unika. Lakini gari linalopita njia, lisilosimama ila kwa kusimamishwa, limehudumiwa nini? Tangu 2005 tuna Umoja wa Forodha na Uganda na Tanzania, nami bado siwezi kutoka kaunti moja kuingia ya pili na kreti za maembe roho ikatulia.

Bunge lilituita safari moja tu, tukasikilizwa. Nilisema mimi mwenyewe, karibu dakika 40. Baada ya hapo kizuizi kimoja kikawa kinaitambua risiti yetu ya kwanza. Hali hiyo ilidumu wiki tatu, kisha akaletwa askari mwingine. Mimi naziita wiki tatu hizo ushindi. Anayeona vingine aseme yeye alituletea wiki ngapi.

Waliolikwamisha jambo hili ni sisi wenyewe. Wakili alitaka risiti za vizuizini za miezi sita. Nilitangaza mara nne. Kati ya wanachama 86, walioleta ni 11. Mkutano wa Juni mlikuja 19, na 7 kati yenu mlifika pilau imeshapakuliwa. Ada hawajalipa watu 52, jumla shilingi 62,400, na wamo wanakamati. Sitawataja, wanajijua.

Mwaka ujao, inshallah, tunatarajia kuurudishia mfuko wa maafa pesa zake, kuzungumza na wenzetu wa Malindi ili ombi liwe la pamoja, na pengine kuifikia Jumuiya ya Kaunti za Pwani, kwa kuwa kaunti zote nne zimo humo. Suala la jokofu nalo tutaliangalia.

Mwenye risiti aipige picha siku ile ile anayopewa. Zile za kina mama wa samaki zilinifikia zimelowa, nyingine wino umeshapotea. Wakili alizigeuza-geuza, akanirudishia.