Maji ya gesi hayapunguzi uzito: soma BMI yako sawasawa

Wateja wengi wanaoacha soda huhamia maji ya gesi, kisha huja famasi kwetu hapa Chikongola kupima BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, wakitarajia namba ishuke. Wengine wanahofia kwamba gesi inanenepesha. Yote mawili si kweli. Maji ya gesi matupu ni maji yaliyoshindiliwa kaboni dayoksaidi. Hayana sukari wala kalori, na hayachomi mafuta. Faida yake ni kushika nafasi ya soda, kwa kuwa chupa ya kola ya mililita 350 ina sukari takriban gramu 37, karibu vijiko tisa vya chai.

Ila geuza chupa usome lebo. Toniki, kinywaji cha gesi chenye kwinini, ina uchungu, kwa hiyo wengi hudhani haina sukari, kumbe inayo ya kutosha. Baadhi ya maji ya gesi huongezwa chumvichumvi zenye sodiamu. Mwenye presha achague yenye sodiamu ndogo. Kama una kiungulia au tumbo hujaa upesi, maji ya kawaida yanakufaa zaidi. Kwa meno, yaliyotiwa ladha ya ndimu yana asidi kali kuliko matupu, hasa ukiyanywa kidogo kidogo kutwa nzima.

Sasa mzani, na hapa ndipo makosa yanapozaliana. Nusu lita ya maji, yawe na gesi au yasiwe nayo, ni nusu kilo mwilini mpaka uende haja ndogo. Basi pima asubuhi kabla ya kula, ukishatoka chooni, bila viatu, mifuko ikiwa mitupu. Mzani ukae kwenye sakafu ngumu. Juu ya mkeka au zulia hausomi sawa. Kwa urefu, simama visigino na makalio yakigusa ukuta, macho mbele, kitu bapa kilale juu ya fuvu. Nywele zilizofungwa juu zifunguliwe kwanza.

Kupata BMI, gawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama mwenye kilo 72 na sentimita 158: 1.58 mara 1.58 ni 2.50, 72 gawanya kwa 2.50 ni 28.8. Akipimwa urefu na viatu vya sentimita 3, anapata 27.8. Pointi nzima imepotea kwa sababu ya kisigino tu!

Chini ya 18.5 ni uzito pungufu, 18.5 hadi 24.9 ni wa kawaida, 25 hadi 29.9 umezidi, 30 na kuendelea ni unene uliokithiri. Viwango hivi si vya wajawazito, wala vya watoto, ambao wana chati za umri wao. Mbeba mizigo mwenye misuli anaweza kusoma 27 bila kitambi. Ndiyo maana tunapima na kiuno, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Hatari ya kisukari na moyo huanza kupanda kuanzia sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanaume.

Na kama namba haishuki ingawa soda umeacha, angalia korosho za kutafuna jioni: gramu 30, kiganja kimoja tu, zina kalori kama 165. Ni chakula kizuri, ila pima kiganja, usile kwenye mfuko.

Njoo asubuhi kabla ya chai, na ubebe chupa ya kinywaji chako tusome lebo pamoja.